Geuzeni Sari, Mtazame Mgongo Wake

Assalaam alaykum. Bibi zangu na mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Mafundi wenzangu wa kofia, na nyinyi wanagenzi mliokuja na sindano zenu mkobani, karibuni sana.

Niliombwa nizungumze juu ya nakshi za sindano kwenye sari za Kihindi, na nimekuja na sari 6. Zimekunjwa hapo mezani, chini ya shuka nyeupe. Tutazifunua mwisho. Nataka kwanza mjue pa kutazama.

Nianze na mtu aliyenifundisha kutazama. Tulipokuwa wadogo, tukikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu yetu alikaa bibi mmoja wa Kihindi ambaye asili yake ni Kutch, magharibi ya India. Watoto wote wa nyumba ile tulimwita Ba kama walivyomwita wajukuu zake, maana kwa Kigujarati ndivyo mama au bibi anavyoitwa. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi. Alikuwa na desturi moja niliyoiona ya ajabu. Mtu akimletea nguo ya darizi ili aisifu, Ba hakuutazama uso wake. Aliigeuza kwanza, akapitisha vidole mgongoni, kimya, kama mkunga anayepima tumbo, ndipo akaigeuza tena na kuyaangalia maua. Siku moja nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake: "Mbele, kila mtu anatengeneza."

Karibu kila kitu nitakachosema leo kinatoka kwenye vidole vile vya Ba.

Sasa tuelewane sari ni nini. Ni kitambaa kimoja kisichokatwa, kwa kawaida mita 5 na nusu hivi. Wanawake wa Maharashtra wana ya kwao inayofika mita 8. Haina kola, haina mikono, haina kifungo. Sisi watu wa kanga tunaielewa upesi, kwa kuwa nayo ina pindo na ina mji. Ila sari ina ncha moja iliyopewa heshima kuliko nyingine, ile inayotupwa begani ikaning'inia mgongoni. Wenyewe huiita pallu. Fundi mwenye uzi kidogo na siku chache humalizia vyote kwenye pallu. Na lile ua letu la kanga tunaloliita korosho, lenye tumbo nene na kichwa kilichopinda, kwao limejaa kila mahali, lakini Mgujarati akilitazama anaona embe, naye huliita keri. Kila mmoja ameona tunda la shambani kwake.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Mtu ananionyesha sari ya Banaras yenye maua ya dhahabu na kuniambia, tazama darizi hii. Si darizi. Maua yale yalifumwa kitambaa kikiwa bado kwenye kitanda cha mfumi, uzi wa dhahabu ukipita pamoja na uzi wa hariri. Sari za Kanchipuram na za Paithan ni hivyo hivyo. Na vile vidoa vya bandhani ni kazi ya kufunga kitambaa kwa uzi na kukichovya rangi. Yote hayo ni ufundi mkubwa, na kila mmoja unastahili jioni yake. Mimi leo naisemea sindano tu, ile inayokuja kitambaa kikiwa kimekwisha kuzaliwa.

Lucknow, mji wa kaskazini ya India, nilifika nikiwa nimempeleka mama matibabu Delhi. Tulipewa siku 4 za kungojea majibu. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia, nenda ukaone hizo nguo zako, kukaa hapa ukinitazama hakutanipa nafuu. Nikampangia mtu wa kumwangalia, nikapanda treni.

Darizi ya Lucknow inaitwa chikan. Asili yake ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, pamba nyepesi ya kuvaliwa kwenye joto. Hadithi inayopendwa mjini ni kwamba Nur Jahan, mke wa Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal, ndiye aliyeileta. Ni hadithi, na husimuliwa kwa mapenzi. Kazi hii ilistawi chini ya manawabu, watawala wa jimbo la Awadh, waliohamishia makao yao Lucknow mwaka 1775. Wakati huo haikuwa ya sari. Ilikuwa ya kanzu za wanaume na ya kofia. Ndiyo, kofia: nyeupe, nyepesi, za kudarizi kwa uzi mweupe. Nilipoiona ya kwanza ndani ya kabati la kioo huko Chowk, mtaa wa kale wa mji ule, nilisimama. Nilidhani namwona babu yangu akitoka Ijumaa.

Kazi yenyewe inapita mikono mingi. Anaanza fundi wa chapa: ana vibao vya mti vilivyochongwa maua, anavichovya kwenye rangi ya buluu inayotoka kwa maji, anagonga sari nzima. Halafu kitambaa kinatoka mjini, kinakwenda vijijini kwa wanawake, wengi wao Waislamu, wanaoshona majumbani baina ya kupika na kulea. Mmoja anajua mishono fulani, akimaliza sehemu yake anampa mwenziwe mwenye mishono mingine. Mwisho kinarudi kimechafuka kwa vumbi na mafuta ya mikono, kinakwenda kwa dobi, na buluu yote inaondoka. Ukiiona dukani imeng'aa kama maziwa, huwezi kufikiria ilivyokuwa wiki moja kabla.

Mishono yake ni mingi; wenyewe huhesabu zaidi ya 30. Tepchi ni bandi yetu ya kawaida. Phanda ni kifundo kidogo mfano wa punje ya mtama. Murri ni mrefu kidogo, kama punje ya mchele, na ndio unaowatenga wanagenzi na mabingwa. Hool ni kitobo kinachozungushiwa uzi, na hapa wadarizi wa kofia mliomo ukumbini mngejiona nyumbani. Jali ni kama wavu mdogo katikati ya ua. Mgeni akiutazama huapa kwamba nyuzi zimekatwa. Hakuna uzi uliokatwa hata mmoja: fundi anazisukuma nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano, anazifunga zikae mbalimbali, na tundu linabaki.

Lakini ule ulionifanya nimkumbuke Ba ni bakhiya. Sindano inakwenda na kurudi mgongoni mwa kitambaa, inalijaza jani lote kwa nyuzi zinazopishana. Mbele huoni kitu ila vishono vidogo vinavyofuata ukingo wa jani. Kwa kuwa kitambaa ni chepesi, zile nyuzi za nyuma huonekana mbele kama kivuli. Basi jani unalolisifu hukulitazama kamwe. Liko upande wa pili. Mwenye kuivaa sari ile amebeba kazi yote kwenye ngozi yake, na watu wanaona kivuli chake.

Nilipelekwa kwenye nyumba moja nje ya mji. Mama mwenye nyumba alikuwa kizingitini akishona phanda, miguu ameinyoosha, kitambaa kimefunika magoti. Hatukuwa na lugha moja. Nilikuwa na kofia mkobani, kazi yangu mwenyewe iliyofika nusu, nikamtolea. Unajua alifanya nini? Hakutazama mbele. Aliigeuza. Akapitisha kidole kwenye vitobo vyangu kimoja baada ya kingine, mahali pamoja akasimama, akanitazama, akacheka kidogo. Pale ndipo nilipofichia fundo. Nimekwenda safari nzima hiyo na fundo langu likaonekana.

Malipo yao nitayasema bila kuzunguka. Wanalipwa kwa kipande, na baina ya mwanamke aliyeshona na duka linalouza kuna dalali, mara nyingine madalali wawili. Mwaka 1984, Lucknow, Runa Banerjee na wenziwe walianzisha ushirika unaoitwa SEWA Lucknow ili wadarizi wauze kazi yao wenyewe, nao umewatoa wengi chini ya madalali. Mwaka 2008 jina la chikan ya Lucknow likasajiliwa kisheria, ili kisichotoka huko kisiuzwe kwa jina hilo. Hayo ni mambo mazuri. Hata hivyo sari inaweza kukaa mikononi mwa wanawake kwa miezi, na ukiigawa bei ya duka kwa siku zile, utatafuta sehemu ya mshonaji usiione.

Tushuke kusini, Karnataka, pande za Dharwad. Huko kuna darizi inayoitwa kasuti, na hii ni moja ya chache ninazozijua zilizokua pamoja na sari tangu mwanzo. Wanaishona juu ya sari za mji wa Ilkal, na iliyo tukufu kuliko zote ni sari nyeusi ya bibi harusi, Chandrakali. Nyeusi kwa harusi! Juu ya weusi ule wanaweka minara ya mahekalu, magari ya kukokotwa ya miungu, tembo, tausi, na chungu cha mrehani mtakatifu uliopandwa uani.

Hakuna kuchora. Hakuna chapa, hakuna kalamu. Fundi anahesabu nyuzi za kitambaa: nne juu, nne chini, anakwenda. Na hakuna fundo, si mwanzo si mwisho. Mshono mkuu, gavanti, unakwenda mbele ukiacha nafasi, halafu unarudi njia ileile ukizijaza nafasi zile, mpaka sindano inafika pale ilipoanzia. Murgi ni huohuo ila unapanda ngazi ukizunguka. Ukimaliza, uso na mgongo ni sawasawa. Mvaaji anaweza kukosea upande na mtu asijue. Neyge unafanana na kufuma, na wa nne ni msalaba mdogo uitwao menthi, maana yake uwatu, ileile mbegu tunayotia kwenye achari. Nimefurahi sana kujua kwamba kuna mahali duniani ambapo mshono umepewa jina la uwatu.

Nilijaribu kushona mnara mmoja tu wa gavanti. Nikakosa uzi mmoja kwenye hesabu, sikujua, nikaendelea. Kosa la hesabu halionekani pale lilipotokea. Linaonekana wakati wa kurudi, njia zinapokataa kukutana. Nilifumua usiku wa kwanza, nikafumua wa pili, wa tatu ukakutana. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema "nakshi ndogo tu za pindoni", huwa namwomba asome tena neno "tu".

Sasa kuna hii, ambayo mimi naipenda kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo. Bengal, upande wa India na upande wa Bangladesh, watu wana mfarishi unaoitwa kantha. Mwanamke anachukua sari zake kuukuu, zile zilizofuliwa mara nyingi mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Anazipanga tabaka juu ya tabaka. Halafu anang'oa nyuzi za rangi kutoka kwenye mapindo ya sari hizohizo, na kwa nyuzi hizo anapiga bandi nguo nzima, mwanzo hadi mwisho, bandi ndogondogo zinazofanya kitambaa kikunjamane kama maji yanapoguswa na upepo. Katikati anashona yungiyungi, samaki, mti, mashua, chochote anachokumbuka. Mtoto akizaliwa anafungwa humo.

Hapa hapahitaji maelezo kwa watu wa kwetu. Nani kati yetu hakupokelewa na kanga kuukuu ya bibi yake? Sisi tuliiacha kama ilivyo. Wao waliishona.

Kantha haikuwa ya kuuzwa, na haikuwa darizi ya sari. Ilikuwa maisha ya pili ya sari. Ni katika karne ya 20 ndipo mshono ule ulipopanda kurudi kwenye sari mpya. Shantiniketan, huko Bengal, pale mshairi Rabindranath Tagore alipojenga shule yake, mke wa mwanawe, Pratima Devi, alikuwa miongoni mwa walioutia nguvu ufundi wa wanawake wa vijiji vya jirani. Siku hizi kantha inashonwa juu ya hariri ya tussar, ile yenye rangi ya asali, na sari moja iliyojazwa yote huchukua miezi mingi. Mwaka 2023 serikali ya India ilimpa Pritikana Goswami, mdarizi wa kantha wa Bengal Magharibi, nishani ya Padma Shri. Mwanamke wa bandi! Bandi, mshono wa kwanza tunaomfundisha mtoto, mshono tunaoupiga kwa haraka ili tuje tuufumue.

Ukiigeuza kantha utaona mgongo unakaribia uso. Bandi haina pa kujificha.

Punjab nitapita tu, kwa kuwa phulkari, darizi ya huko, kwa asili ni ya ushungi mkubwa, na sari imeiazima juzi. Lakini jambo moja lazima mlijue: mshonaji wa phulkari anafanya kazi upande wa nyuma. Anahesabu nyuzi za pamba nzito, anachoma kidogo, anavuta hariri isiyosokotwa, na ua linachanua upande asiouona.

Haya, Kutch. Kwa Ba.

Kutch iko magharibi kabisa ya India, nchi kavu, chumvi upande mmoja na bahari upande wa pili. Bandari yake Mandvi ilikuwa na njia ya moja kwa moja kuja kwetu. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka na nguo. Kusi ikigeuka, yalipanda na pembe na karafuu. Wengi wa Wahindi waliokaa Zanzibar karne ya 19, Wabhatia, Makhoja, Mabohora, walitoka pande zile. Kwa hiyo ninapozungumzia Kutch sizungumzii nchi ya mbali. Nazungumzia watu tuliosikia hatua zao juu ya dari.

Na wanawake wa vijiji vya Kutch wanaosifika kwa darizi, kwa jadi yao hawavai sari. Wanavaa sketi pana ya marinda, blauzi iliyo wazi mgongoni, na ushungi. Darizi yao ilikuwa ya nguo hizo, ya mito, ya mapazia ya mlangoni, ya kumpamba ngamia na ng'ombe. Kila jamii ina yake. Waahiri wana mshono wa mnyororo na maua ya duara. Warabari, wafugaji, wanabandika vioo, na kioo kile hakina tundu: nyuzi zinakikamata kwa kupishana juu yake, halafu ukingo unazungushiwa mshono mpaka kinakaa kama jicho ndani ya kope. Wasodha, ambao wengi walikuja kutoka Sindh, Pakistan, baada ya vita vya India na Pakistan vya 1971, wana suf, pembetatu juu ya pembetatu, zilizohesabiwa bila kuchorwa, na zinashonwa, sikilizeni tena, upande wa nyuma.

Halafu wako Wamochi. Hawa walikuwa washona viatu. Msharasi wao wa ngozi waliupunguza ukawa sindano nyembamba yenye kulabu, wakaingia nayo kwenye hariri, wakashona mnyororo mwembamba kiasi kwamba wafalme wa Kutch waliwaajiri. Sindano ile huitwa aari. Leo warsha nyingi za sari za harusi India zinayo. Ukiona sari ina maua ya mnyororo, mfululizo, laini, kumbuka ilitoka kwenye kiatu.

Ilikuwaje basi darizi ya Kutch ikafika kwenye sari? Mwaka 1969 kulikuwa na ukame mkali. Mwanamke mmoja wa Mumbai mwenye asili ya Kutch, Chanda Shroff, alikwenda kijiji cha Dhaneti kusaidia kwenye jiko la chakula cha bure. Akawakuta wanawake wa Kiahiri hawataki sadaka. Walitaka kazi. Akatazama nguo walizovaa, zimejaa darizi shingoni mpaka kiunoni, akajua kazi yao ni ipi. Akarudi Mumbai, akanunua sari, akawapelekea wazidarizi, akaziuza mjini. Zikaisha. Hivyo ndivyo ilivyoanza Shrujan, taasisi ya wadarizi wa Kutch. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya Rolex, na mwaka 2016, uleule aliofariki, huko Ajrakhpur ikafunguliwa makumbusho ya darizi za Kutch. Kwa hiyo mtu anapokuuzia "sari ya jadi ya Kutch", mishono ni ya jadi kweli, mikono ni ya jadi, lakini kuwekwa kwake juu ya sari kuna umri wa mama yako. Halipunguzi thamani hilo. Mimi linanifurahisha, kwa sababu lilianza na wanawake wenye njaa waliosema hatutaki kupewa.

Upande mwingine wa hadithi hiyo ni mzito. Katika jamii nyingi za Kutch, binti hakuweza kwenda kwa mumewe mpaka amalize kudarizi nguo na mapambo ya harusi, na orodha ikawa inarefuka. Wasichana walikaa miaka na miaka wakishona. Mwaka 1995 wazee wa Warabari wa tawi la Dhebaria wakapiga marufuku: wanawake wao wasidarizi tena kwa mkono kwa matumizi yao wenyewe. Nilipojua hilo mara ya kwanza nilikasirika kama fundi. Baadaye nikafikiri kama mama mwenye mabinti. Nguo tunayoililia katika makumbusho ilikuwa imemfungia mtu mlango. Wanawake wenyewe hawakukaa bure: walichukua utepe na mapambo ya dukani, wakayashona kwa cherehani kwa mpango wao wa zamani, wakapata mtindo mpya. Bado sijui niseme wazee walikosea au walipatia. Ninachosema ni kwamba kila tukisifu darizi tuulize pia aliyeshona alikuwa na uhuru wa kuiweka chini.

Zardozi mnaijua, maana ndiyo mnayoiona harusini. Zar ni dhahabu kwa Kifarsi, na sisi zari tunayo kwenye majoho. Dozi ni kushona. Ilipewa hadhi kubwa na wafalme wa Mughal, na leo iko Lucknow, Bareilly, Bhopal, Hyderabad. Kitambaa kinatandazwa juu ya fremu ya mbao, kama kitanda kilichotolewa kamba, na mafundi, wengi wao wanaume, wanakaa chini kukizunguka. Warsha huitwa karkhana. Sisi tunasema karakana. Uzi mnene wa madini haupiti ndani ya kitambaa, unalazwa juu na kukamatwa kwa uzi mwembamba. Kuna dabka, waya uliosokotwa kama springi ndogo sana: unakatwa vipande na kutungwa kama shanga.

Zamani waya ule ulikuwa fedha iliyopakwa dhahabu. Leo mara nyingi ni shaba, au plastiki inayong'aa. Ndiyo maana sari za zamani zina adui mbaya kuliko nondo: mnunuzi anayepita nyumba kwa nyumba, anazinunua kwa uzani, anazichoma, anaokota fedha kwenye majivu. Kama nyumbani kwenu kuna sari au joho la bibi, msimpe mtu wa namna hiyo. Tafadhali.

Na ipo gara, sari ya Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi. Waparsi wa Gujarat na Bombay walifanya biashara na China, bandari ya Canton, karne ya 18 na ya 19, wakipeleka pamba na, lazima isemwe, kasumba, yaani afyuni. Wakirudi na chai na hariri. Hariri ile ilidariziwa na mafundi wa Kichina: korongo, maua ya peoni, wanawake kwenye madaraja. Wake zao wakaitaka iwe sari, yenye mapindo pande zote nne. Kati ya nakshi zake iko moja ya madoa inayoitwa kanda-papeta, yaani vitunguu na viazi. Zanzibar ilikuwa na Waparsi wake. Yule kijana wa ukoo wa Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ambaye dunia ilikuja kumjua kama mwimbaji Freddie Mercury, ni wa jamii hiyo. Gara sina hapa mezani. Ni nguo ya kurithiwa, na sikurithi.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Miaka michache iliyopita nililipa pesa nyingi kwa sari niliyoambiwa ni chikan ya mkono. Duka silitaji. Taa zilikuwa kali, muuzaji mkarimu, nikaisahau desturi ya Ba. Nilifika nyumbani, nikaigeuza. Mgongo wote ulikuwa uzi mmoja mweupe wa chini wa mashine, vishono vya urefu mmoja, na mabaki ya karatasi ngumu ya kushikilia kitambaa. Nyuma ya kila ua kulikuwa sawa na nyuma ya jingine. Mkono haufanyi hivyo. Mkono unachoka saa tisa, unaamka asubuhi na nguvu, unavuta uzi kidogo zaidi siku ya hasira. Utaona uzi unavyoruka kutoka jani hadi jani, utaona ulivyorudishwa chini ya wenzake ili usifunguke. Sari ya mashine ina haki ya kuwepo, imewavika watu wengi wasio na uwezo. Ila iitwe jina lake, na iuzwe bei yake.

Na sisi tunaodarizi kofia hapa tuna dalali wetu, tuna mashine yetu, na tuna mteja anayesema "mbona ghali". Naomba tufanye jambo moja. Kuanzia mwezi ujao, kila kofia inayotoka kwenye kikundi hiki itoke na kikaratasi: jina la aliyeshona, akipenda kuliandika, na idadi ya siku alizotumia. Si wiki "hivi". Siku, zilizohesabiwa. Na wanagenzi, mnapomletea mwalimu kazi, mleteeni imegeuzwa.

Haya, nisaidieni kuiondoa shuka. Nyeupe ni ya Lucknow, ile nyeusi ni ya Dharwad, ya asali ni kantha, yenye pembetatu ni suf. Hii ya waridi ndiyo niliyodanganywa nayo. Iwekeni kando ya ile nyeupe, mzigeuze pamoja. Naweni mikono kwanza, tena vueni pete.

Ya sita, ya zambarau, ni ya Ba. Wajukuu zake walinipa walipohama. Ameishona mwenyewe kwa aari na sindano ya kawaida, maua ya mnyororo kwenye pallu. Mkiigeuza, kwenye kona ya kushoto mtaona uzi mwekundu haukukatwa, unaning'inia urefu wa kidole. Mwaka huo macho yalikuwa karibu kumwacha kabisa, na nyuzi zote nilikuwa nikimtungia mimi. Msiuvute.